Majivu ya Muuzaji Mwenyewe

Dukani Nangwa, muuzaji alimsogezea mama mmoja chupa ya sabuni ya maji. "Shikamoo mama. Hii inatoa masizi yote."

"Marahaba. Mbona sufuria yako ya chai ni nyeusi?"

Muuzaji akacheka. Mama hakucheka. Alizunguka kaunta, akachota majivu yaliyopoa kwenye jiko la muuzaji, akayalowesha, akaokota gunzi la mahindi akaanza kusugua. Wateja tukasogea kutazama. Alipoisuuza, sufuria ilimeta. Akamsogezea usoni.

"Unajiona?"

"Najiona, mama."

"Haya, nipe chumvi. Ndiyo niliyoifuata."

Nilitoka nikicheka, ila nina wasiwasi: nikirudi nitakuta majivu yamefungwa kwenye vifuko, yamepangwa pale palipokuwa na chupa.