Kabedi Afunua Uso Wake Stesheni ya Kindu

Saa moja asubuhi, kabla treni ya kutoka Kibombo haijasimama sawasawa, Kabedi Ntumba anakimbia sambamba na mabehewa, beseni la mikate kichwani.

"Mukate! Mukate iko moto! Mama, nyoosha mukono!"

Mikono inatoka madirishani. Anapokea, anarudisha chenji, anacheka. Upande wa kushoto wa uso wake, kutoka jichoni hadi shingoni, ngozi imekunjamana kwa moto wa zamani. Hadi mwaka mmoja uliopita, hakuna abiria aliyekuwa amewahi kuuona uso huo.

Mama huyu wa miaka thelathini na minane ni mzaliwa wa Kasai, aliyeletwa Kindu na baba yake mfanyakazi wa reli. Kanisani alibatizwa Émilienne. Tangu serikali ilipokataza majina ya Kizungu, kitambulisho chake kinasema Kabedi tu. Akiwa na miaka kumi na tisa, taa ya mafuta ilimlipukia. Toka siku hiyo alijitanda kitambaa hadi machoni, akawa anakanda unga chumba cha nyuma cha bulanjeri, duka la mikate la Mzee Zuberi, asikoingia mteja. Ibadani aliketi benchi la mwisho, akaondoka kabla ya baraka.

"Nilimupenda Mungu," anasema, "lakini kwa kujificha, kama vile nimemwibia mutu."

Aliyemtikisa ni jirani yake, Hadidja. Binti wa Hadidja, Aziza, wa miaka kumi na saba, alimwagikiwa mawese yaliyochemka. Alipotoka hospitali baada ya miezi miwili, akajifungia chumbani.

Hadidja akaja kugonga mlango wa nyuma wa bulanjeri. "Mama Kabedi, mimi Mwislamu, wewe Mukristo, lakini jambo hili ni wewe unalijua. Kuja useme naye."

"Nitamwombea," Kabedi akajibu, akarudi kwenye unga wake.

Aliomba kweli, siku tatu. "Kila nikisema Amina, haya inanishika. Mutoto iko nyumba ya pili, na mimi ninamutuma Mungu kama vile sina miguu!"

Siku ya nne akaenda, amejitanda kama kawaida. Akaketi kando ya kitanda, akamsihi Aziza atoke nje, asiogope macho ya watu. Msichana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, unaniambia nitoke. Na wewe mwenyewe, mbona umejifunika?"

Kabedi akafungua fundo la kitambaa chake. Aziza akasogea, akamgusa shavu.

"Inauma bado?"

"Hapana. Wakati wa joto inawasha tu."

Wakacheka wote wawili. Nje, Hadidja aliposikia kicheko cha mwanawe, akaketi chini akalia. Lakini Aziza alikuwa na sharti: "Uende stesheni hivyo hivyo, uso wazi, treni ikijaa. Ukirudi muzima, na mimi nitatoka."

Kesho yake Kabedi akamwomba Mzee Zuberi beseni la kuuzia.

"Una hakika?" mzee akauliza.

"Sina," akasema, akalibeba.

Stesheni watu wakamkodolea macho. Mwanamume mmoja akageuza uso. Kabedi alikwisha kugeuka arudi, pale mama mmoja alipomwita dirishani: "Wee mama! Mukate ile iko moto, ao unaitembeza tu?"

"Iko moto!" Sauti ilimtoka kubwa hata mwenyewe akashtuka. Beseni likaisha kabla treni haijaondoka. Akarudi mtaani mbio, akiita jina la Aziza njia nzima.

Siku iliyofuata walikwenda wawili. Sasa Aziza anauza mabehewa ya mbele, Kabedi ya nyuma, na idadi ya mikate wanayouza kila treni imepanda kutoka themanini hadi mia mbili. Wauguzi wa hospitali nao wamezoea kumwita Kabedi kila anapofika mtu aliyeungua. Amekwisha kukaa na wagonjwa kumi na mmoja.

Wiki iliyopita abiria mmoja alimletea habari: huko Kibombo kuna mwalimu mwanamke ambaye hajatoka nyumbani tangu jiko lake liwake moto, likamuunguza. Jumamosi Kabedi na Aziza watapanda treni. Hadidja ameahidi kuwapikia chakula cha njiani.

"Hatumujui, naye hatujui sisi," anasema Kabedi. "Pengine atakataa kufungua."

"Atafungua," Aziza anadakia. "Tutaketi mulangoni mpaka achoke na sisi."