Msimamizi Anayesomea Chekechea

Pyo Gil-sang alikuwa msimamizi wa wachomeleaji wa meli huko Ulsan, na jioni alisomea ualimu wa chekechea. Kazini hakumwambia mtu kuhusu masomo hayo, maana aliwajua wachomeleaji wake kwa kucheka wenzao.

Asubuhi moja wachomeleaji wawili walikunjana mashati wakigombea ngazi. Gil-sang, ambaye somo la jana bado lilimzunguka kichwani, akapiga makofi na kuimba, "Watoto wazuri hupokezana."

Karakana nzima ikageuka kumtazama. Wale wawili wakaachiana.

"Msimamizi," akauliza mzee Namgung, mkongwe wao, "umetuitaje?"

Uso ukamwiva Gil-sang kwa aibu, akaeleza yote kuhusu masomo yake ya jioni.

Mzee akasema, "Ukihitimu nitakuletea mjukuu wangu, mkorofi kama hawa. Sasa, mwalimu, twende tu kunywa kahawa, au tupange mstari kwanza?"

Wakapanga mstari.