Mtani, Fole

Naitwa Milembe. Nakaa Lagangabilili, na pamba yangu nalima Nkoma. Kabla ya kuugua nilikuwa na mdomo unaojulikana. Kwenye harusi mimi ndiye niliyeanza vigelegele. Rafiki yangu mkubwa ni Mwajuma, Mzaramo aliyehamishiwa huku kufanya kazi halmashauri. Kila asubuhi nilimpelekea maziwa, na kwa kuwa Wasukuma na Wazaramo ni watani, hatukuwahi kusalimiana vizuri. Mimi nilimwambia amekimbia nazi za kwao aje anenepe kwa maziwa yetu. Yeye alisema Msukuma akionyeshwa bahari huuliza ng'ombe wananywea upande gani.

Asubuhi moja nilisukutua, maji yakanimwagikia kifuani. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelala. Jicho halikufumba, likawa linatoa machozi lenyewe. Ugali ulijificha shavuni mpaka niutoe kwa kidole. Mama mkwe akasema nimekanyaga dawa za watu. Mume wangu, baba Masunga, hakubishana naye. Alinipakia kwenye pikipiki tukaenda hospitali, Bariadi.

Daktari aliniambia nipandishe nyusi, kisha niinue mikono. Nyusi ya kushoto haikusogea, lakini mikono ilipanda yote miwili.

"Hiki si kiharusi, mama," alisema. "Wala hujarogwa. Mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Umefanya vizuri kuwahi, wengi wanapona."

Alinipa vidonge na dawa ya jicho. Aliniagiza nikilala nilifunge jicho kwa plasta, na nifanye mazoezi ya mdomo mbele ya kioo.

Vidonge nilimeza. Kioo nilikigeuzia ukutani. Herufi p na b zilinishinda kabisa, pumzi ilitorokea pembeni. Fikirieni mkulima wa Nkoma asiyeweza kutamka pamba. Nikaacha kwenda kanisani, na maziwa nikawa namtuma binti yangu. Niliona haya, tena haya kali.

Wakati huohuo Mwajuma akafiwa na mama yake. Alisafiri kwenda kuzika kwao, akarudi mtu mwingine. Binti yangu alikuta maziwa ya jana yameganda sufuriani, hayajaguswa. Watoto wa Mwajuma walikuwa wanakula kwa jirani. Mwenyewe alikuwa hali, hasemi.

"Mama Masunga, unamwendea lini?" mume wangu aliniuliza.

"Kwa mdomo huu?"

"Mtani wake ni wewe. Au unataka nikamchekeshe mimi?"

Baba Masunga hajawahi kumchekesha mtu. Nikaenda.

Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea kochi. Nikaondoa khanga niliyojifunika usoni, nikajikaza.

"Mtani, fole."

Akainua macho. "Nini?"

"Fole. Fole sana kwa msiva."

Alinikodolea macho. "Mtani, umetoka kwako kuja kunipa pole, na pole yenyewe huna?"

"Mmeila nyie Wazaramo," nikasema. "Mmezoea vya vure."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu kicheko kikageuka kilio, nikamkumbatia.

"Mazikoni hakuja Msukuma hata mmoja kutusumbua kwa utani, kama ilivyo desturi," alisema. "Mama alipenda utani, nikamzika kimya kama mgeni. Hicho ndicho kinaniuma."

Nilipika uji, tukanywa. Wangu ulichuruzika kidevuni, yeye akanifuta kwa khanga yake, kisha akamaliza kikombe chake. Nilifurahi kuliko siku zote za ugonjwa wangu.

Tangu hapo kila jioni nilikwenda kwake, tukakaa mbele ya kioo chake. Alinifundisha kwa ukali wa ofisini: pa, pe, pi, po, pu. Nilijaza mashavu hewa, nikapuliza mshumaa. Nikikosea anacheka, na akicheka anakula. Uso ukaamka kidogo kidogo, nyusi kwanza, kisha jicho, midomo mwishoni. Hata leo nikitafuna jicho la kushoto hujifumba lenyewe, na Mwajuma husema namkonyeza.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na baba Masunga na pikipiki yake. Wewe unayenisoma, uso ukipinda, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kumtafuta mchawi. Linda jicho lisikauke. Usigeuze kioo kama mimi. Na rafiki yako akipatwa na jambo, mwendee hivyohivyo ulivyo, hata ukiwa umepinda.

P yangu ilirudi nikiwa shambani. Nilipiga kelele "pamba, pamba" mpaka jirani akadhani nafukuza ng'ombe. Niliacha jembe palepale, nikaenda moja kwa moja kwa Mwajuma. Alikuwa jikoni anakuna nazi, watoto wake wamemzunguka wakisubiri wali.

"Mtani," nikasema, "pole."

Mbuzi ya nazi ikasimama. Alinitazama mdomoni, kisha machoni.

"Asante, mtani," akajibu. "Nimeshapoa."