Sufuria Niliyoilaza Kitandani mwa Mama Mkwe

Nawasimulia mimi mwenyewe kwa sababu mke wangu ametishia kusimulia, na akisimulia yeye nitaonekana mjinga zaidi, ingawa sijui kama inawezekana. Akina mama wa ushirika wetu wa kanisa hadi leo wakija kwetu hawapandi juu, hata choo wanajizuia mpaka wafike kwao.

Tunaishi ughaibuni, mtaa wa Erdington, nyumba nyembamba ya vyumba viwili juu, na mimi (wacheni kuniangalia hivyo) hujitengenezea bia jikoni. Mwanzo nilikuwa mtu wa mkebe: unafungua shira ya kimea, unakoroga na maji moto, unatia hamira, unangoja. Watu wawili watatu wakanisifu, kichwa kikavimba, nikasema nimechoka kukoroga shira kama mtoto, sasa naanza na punje zenyewe, shayiri iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa, vile wazee wetu Bungoma walivyofanya na wimbi. Kazi yenyewe ni kuloweka kimea kwenye maji ya nyuzi sitini na saba hivi na kulinda joto hilo saa nzima, ili wanga ugeuke sukari. Maji yakiwa moto kupita kiasi, umekiua.

Sasa, mama mkwe alikuwa kwetu. Mke wangu, Nasimiyu, alikuwa amejifungua kwa upasuaji, hawezi kuinua hata beseni, na mimi na shifti zangu za kutunza wazee nisingemfaa peke yangu. Lakini sisi Wabukusu, mama mkwe halali kwa mkwewe hivi hivi. Alikubali kwa shingo upande na kwa sharti moja, kwamba nisikanyage chumba chake. "Siku utakayoingia, mkwe wangu, ndiyo siku nitakayorudi nyumbani," aliniambia akiangalia pembeni kwa heshima, na yule mama hasemi neno mara mbili. Nikaahidi.

Jumamosi hiyo akina mama watatu wa ushirika walimchukua kwenda mtaa wa Small Heath kutafuta vitambaa, warudi saa kumi na mbili. Nikabandika maji. Mtoto akalia, nikaenda kumbadilisha nepi, kurudi nakuta kipimajoto kinasoma themanini na mbili. Ilinipasa kungoja yapoe. Sikungoja, nikamwaga kimea humo humo, nikajidanganya kwamba yatashuka yenyewe. Hilo sikumwambia mtu yeyote, hata Nasimiyu, naomba mlikumbuke.

Jikoni kulikuwa na baridi ya kukata, na chumba pekee chenye hita kutwa nzima kilikuwa cha Mama. Nikajiambia ni dakika moja, nani atajua. Nikaibeba sufuria juu, nikaivika sweta langu, nikailaza kitandani kwake kati ya mito miwili na kuifunika duveti hadi juu. Nilipogeuka mlangoni niliona mtu amelala. Nikajicheka, lakini ngazi nilizishuka haraka kuliko nilivyozipanda.

Saa kumi, giza limeanza kuingia kama kawaida ya huku wakati wa baridi, nikasikia ufunguo mlangoni. Mvua ilikuwa imewarudisha. Mama aliingia wa kwanza, akasimama kwenye zulia, akanusa. Nyumba nzima ilikuwa inanuka kimea.

"Mzee amekuja?" akauliza.

Mzee ni mumewe, na tulimzika miaka miwili iliyopita. Alikuwa mpikaji wa busaa, ile pombe yetu ya nafaka, harufu hiyo ilimfuata hata kanisani. Mama akavua kilemba taratibu, akapanda ngazi, mlango ukafungwa.

Mimi nilikuwa nimeganda na mwiko mkononi, nikihesabu hatua zake hadi kitandani. Nilingojea kelele. Badala yake tukasikia akiongea kwa sauti ya chini, akinyamaza kama mtu anayejibiwa, akiongea tena. Mara akacheka kidogo. Nasimiyu akanishika mkono akaubana, akanong'ona, "Hajacheka hivyo tangu Baba afe." Akina mama watatu walikuwa wamekaa na makoti yao kwenye sofa moja, wamebanana, na nafasi ilikuwepo tele.

"Mkwe wangu," Mama akaita. "Njoo."

Nikasimama ngazi ya chini. "Mama, siwezi kuingia huko."

"Mbona ulishaingia."

Aibu niliyoisikia sijui niiweke wapi. Nikakiri pale pale, kila mtu akisikia, kwamba nimevunja ahadi kwa ajili ya pombe, kwamba kilichoko kitandani ni sufuria tu, na nikamwomba asimwache binti yake kwa upumbavu wangu.

"Najua ni sufuria," akasema. "Nimekaa na mpika pombe miaka arobaini, nisijue sufuria?"

"Sasa, Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

Akajibu polepole, kama mtu anayetumwa ujumbe.

"Anasema maji uliyachoma."

Mmoja wa wale akina mama alianza kuomba, wenzake wakaanza kutafuta viatu. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Baadaye niliutia ule uji wa kimea matone ya ayodini, ukawa mweusi tititi, maana yake wanga wote bado upo, kimea kilikufa. Mama akaniamuru nikaumwage uani, kidogo kwanza mlangoni, fungu la Mzee, na nikafanya hivyo, mvua ikininyeshea, waumini wakiniangalia dirishani.

Hakuondoka. Alikaa miezi mitatu, na siku tunampeleka uwanja wa ndege alisema tu, "Hita ya kile chumba msiizime."

Hatujaizima. Punje sigusi tena maishani, nimerudi kwa mkebe wangu wa shira, na kila ninapotaka kuufungua napanda kwanza juu, napiga hodi kwenye chumba kisicho na mtu, kisha nashuka upesi kabla sijakaribishwa.