Nyumba Inauzwa, Mama Yumo Ndani

Mama yangu ana nyumba Ganshoren, mtaa wa Brussels, yake mwenyewe, haina deni hata senti. Baba alimaliza kuilipa kabla hajafariki. Shida ilikuwa paa. Mvua ya Brussels haina msimu, na chumba cha juu kilijaa ndoo. Fundi alipotaja bei, kaka zangu wakaanza kutaja makao ya wazee, kwa upole, kama watu wanaopanga likizo ya mtu mwingine. Mama akajibu kwamba katika nyumba hiyo atatoka amebebwa.

Basi nikampeleka benki kuomba mkopo. Karani, kijana mwenye meno mazuri, alitueleza kwamba ziko nchi ambako mzee hukopa kwa dhamana ya nyumba yake na halipi kitu mpaka afe. Akifa, nyumba inalipa. "Lakini si hapa, madame." Hapa kuna mkopo wa kawaida. Alipoona umri wa mama, tabasamu likapungua. Alipoona kadi yake ya ukaazi, likaisha kabisa.

Haki ya mama ya kukaa Ubelgiji haina mwisho. Ile kadi ya plastiki ndiyo yenye tarehe, na hubadilishwa kila inapokwisha. Nilimweleza karani, akanielewa vizuri sana; kompyuta ndiyo iliyokataa. Iliona tarehe, ikaamua mama anahama. Mwanamke huyu amewaogesha wazee wa Kibelgiji mpaka mgongo ukapinda, amelipa kodi bila kuchelewa, na bado mashine inamhesabu kama mgeni wa harusi aliyesahau kuondoka. Niliwaka.

"Kwa nini madame hakuomba uraia?" karani akauliza.

Mimi nilijua jibu. Kila Krismasi baba alisema mwakani tunarudi Bukavu, na ukichukua uraia wa Ubelgiji, Kongo inakufuta. Sisi watoto tuliuchukua mbio mbio. Wao wawili walibaki na mwakani wao.

Ikabaki viager. Hii ni biashara halali, watu waungwana wanaifanya: unauza nyumba huku ukiendelea kukaa ndani, na mnunuzi anakulipa kila mwezi mpaka ufe. Ukifa mapema, amepata. Ukichelewa, amepatikana. Kwa hiyo anapokuja kutazama nyumba, jicho moja liko ukutani na jingine liko kwako. Nilimshauri mama asijirembe, atembee polepole, akohoe kidogo.

"Maman," akaniambia, kwani ndivyo anavyoniita mimi binti yake akikasirika, "unataka nijiitie bugonjwa juu ya toiture, juu ya paa tu? Bon. Mugeni akikuya, tutamupokea kama mugeni."

Alimpokea kweli. Alivaa kitenge cha sikukuu, akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki, akawaita wamama wa kikundi chake cha maombi kutoka Koekelberg, mtaa jirani, maana mgeni mkubwa hapokelewi na mtu mmoja. Mnunuzi alikuja, bwana mwenye skafu nzuri. Mama alipanda ngazi mbele yake huku akiongea bila kutua. Bwana alifika juu akihema, ameshika ukuta. Mnunuzi ndiye aliyekohoa.

Kabla ya kula, wamama walisimama kuombea nyumba. "Seigneur, umupatie huyu maman cent vingt ans! Na mwenye anangojea lufu yake, anangojea kifo yake, afwe yeye mbele!"

"Amen!" akaitikia yule bwana kwa adabu zote. Kiswahili hakukijua, lakini ile hesabu ya miaka mia na ishirini ilisemwa kwa Kifaransa, nayo ilimwingia. Alianza kumtafuna samaki wake polepole sana.

Mlangoni aliuliza, na nilisikia tumaini katika sauti yake, kama madame hafikirii kurudi kwake siku moja.

"Kwangu?" mama akasema. "Kwangu ni hapa, monsieur."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Bwana aliaga, na hatukumsikia tena.

Nilikasirika, nikamwambia amemfukuza mnunuzi kwa maombi. Asubuhi iliyofuata alitaka nimpeleke komini, ofisi ya mtaa wetu, akaombe uraia. Benki ilikuwa imeahidi kutazama upya faili lake akiupata, ingawa umri, walisema, wao hawawezi kuupunguza. Njiani alishikilia pasipoti yake ya Kongo ndani ya pochi, na moyo uliniuma.

Nilikuwa nimemwandalia hotuba nzima kuhusu maadili ya Ubelgiji. Dada wa kaunta hakuihitaji. Aliuliza tu, bila ubaya, kwa nini madame alisubiri muda wote huu.

Mama alijibu kwa Kiswahili, akaniacha nitafsiri.

"Mi sikukuwa nasubiri kitu. Bwana yangu njo mwenye alikuwa anarudi. Mi nilikuwa namusindikiza tu."