Neno Lililochelewa Kufika Beni

Ninayo siku moja kichwani, mwanangu, ambayo haizeeki pamoja nami. Mvi zimeota, magoti yanalalamika nikipanda kilima cha kwetu Kimemi, lakini siku ile imebaki vilevile. Ni Jumanne, saa nane mchana, nimesimama uani mwa ukumbi wa parokia hapa Butembo, simu sikioni, kalamu mkononi. Nitakufikisha hapo. Kwanza nikueleze nilikuwa nani.

Nilikuwa mkubwa wa depo, ghala la kakao, kule Beni, katika komini ya Ruwenzori. Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye kiti kile. Nilianza kazi nikibeba magunia mgongoni, nikapanda polepole, hata ikafika mahali natia mkono ndani ya gunia na kujua kama kakao imekauka vizuri ama imeanikwa kwa haraka kando ya barabara. Watu waliniita Patron, yaani bosi, nami niliitika. Kwa umri sikuwa kijana, nilikuwa nimepita hamsini. Lakini kuna ujana wa mwili na ujana wa moyo, mwanangu, na huu wa pili huchelewa kuisha kwa mtu aliyezoea kutiiwa.

Basi mwenye kampuni akatuita wakubwa wa depo zake zote tupande Butembo, siku tano, kwa mafunzo ya uongozi. Nilicheka. Nikamwambia mke wangu, "Mama wa batoto saba, kuko mutu anaweza kumufundisha namna ya kubeba mimba?"

Naye, bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa anachambua, akasema, "Enda tu. Sikio hapana jaa."

Nikaenda, lakini nilikwenda kama mtu anayesindikiza wengine.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Lubero, Madame Kahindo, umri wa mtoto wangu wa kwanza. Siku ya kwanza nilikaa nyuma, mikono kifuani. Nilingoja atufundishe mambo ya vitabu nipate kumcheka. Hakufundisha mambo ya vitabu. Alisimama mbele yetu akasema kwa sauti ya chini, "Bapapa na bamama, mimi siwezi kuwapatia uzoefu. Munao kunipita. Lakini uzoefu ni sawa blanketi: inakupasha moto, na inafunika vitu. Tulikuja kuangalia kitu gani imefunika."

Siku ya pili akatugawia karatasi. Tuandike majina ya watu tunaowaongoza, na kando ya kila jina, siku ya mwisho mtu huyo alipotuambia neno tusilopenda. Niliandika majina kumi na manne. Kando yake sikuandika kitu. Nikainua karatasi yangu kwa kiburi, nikasema, "Kwangu hapana matata. Batu bote banakubaliaka."

Madame Kahindo akaiangalia karatasi ile. Akasema, "Papa, nyumba yenye hapana sauti, ni batu banalala, ama ni batu balishahama."

Wenzangu hawakucheka. Ningependa wangecheka.

Akatupatia kazi. Kila mmoja atoke nje, ampigie simu mtu mmoja wa chini yake, amuulize, "Kuko neno gani uliniambiaka, nikalikataa, na ulikuwa na haki, ulisema kweli?" Akishauliza, anyamaze. Asijitetee. Aandike tu.

Ndipo nikawa uani, saa nane mchana. Nikampigia Kavira, mama aliyetunza magunia ya depo yangu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Nilipomuuliza, naye akaniuliza:

"Patron, mimi ni nani nikuambie?"

"Ambia tu. Leo niko nasikia."

"Ni ile maneno ya Muzee Ramazani."

Mzee Ramazani alikuwa sentineli wetu, Mwislamu mpole, mlinzi wa depo kabla hata mimi sijapewa kiti. Alilala katika chumba kidogo kilichoshikamana na depo, ukuta wa mbao ukiwatenganisha yeye na magunia. Sasa elewa jambo hili, mwanangu: kakao inaliwa na wadudu, kwa hiyo kila baada ya muda tulitia kati ya magunia vidonge vinavyotoa moshi usioonekana. Tunafunika kwa maturubai, tunafunga milango siku tatu. Moshi ule unaua mdudu. Hauulizi kama ni mdudu ama ni mtu.

Kavira akasema, "Kila tunatiaka dawa, muzee anakohoaka, anatapikaka. Mbao ziko na nafasi. Nilikuambiaka mara mbili, atoke pale, tumujengee kibanda ku mulango ya njia. Ulinicheka."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemjibu mbele ya wapagazi wote, "Kavira, leo umekuwa munganga?" Watu wakacheka kwa sababu mkubwa amecheka. Tangu siku ile hakuniambia tena neno lolote zaidi ya hesabu ya magunia, nami nilidhani ametulia.

Pale uani ulimi uliniwasha kujitetea. Nikauzuia, nikaandika kila kitu. Nikamwambia, "Wasingya, asante, Kavira. Una haki. Nimesikia." Nikasikia pumzi yake ikitoka, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikarudi ukumbini, nikasoma karatasi yangu kwa sauti. Watu walipiga makofi. Mkubwa wa depo ya Lubero alinishika bega. Na mimi, mwanangu, nilijisikia mtu mpya. Nikaikunja karatasi ile vizuri, nikaitia mfukoni mwa koti, nikasema moyoni: nikirudi Jumamosi, hili ndilo litakuwa jambo la kwanza.

Lilikuwa jambo la kusema kwa sentensi moja. "Muzee asilale pale." Simu ilikuwa mkononi. Sikuisema.

Sasa sikiliza lililofuata. Kabla ya kupanda Butembo nilikuwa nimebandika ukutani mpango wa kazi wa juma lile, wenye sahihi yangu. Dawa ilikuwa Alhamisi. Mimi niliyeuandika nilikuwa nimeusahau. Na depo ilikuwa imejaa hadi juu kuliko nilivyopata kuiona, maana lori za kwenda mpakani zilikuwa zimekwama kwa ajili ya barabara, kwa hiyo vidonge vilitiwa vingi. Nani angebadili mpango wenye sahihi ya Patron? Nilikuwa nimewafundisha kwa miaka kumi na tisa kwamba sahihi yangu haiguswi.

Alhamisi adhuhuri, tukitoka kwenda kula, nilifungua simu nikaona Kavira amenipigia mara tatu. Nilikuwa kati ya wakubwa wenzangu, sahani mkononi, nawaeleza jinsi mtu anavyopaswa kuwasikiliza walio chini yake. Nikasema, nitampigia baadaye. Mchana tukarudi ndani, simu zikazimwa tena. Jioni tulisindikizana kwa mazungumzo. Ile "baadaye" haikuja.

Ijumaa asubuhi, kabla hatujaanza, simu ikalia. Kavira hakunisalimia.

"Patron, Muzee hapana amuka."

Nilisikia maneno, sikuyaelewa. Nikamwambia, "Mugonge mulango."

"Tulishavunja mulango."

Sikuaga. Nilipata gari la mtu anayeteremka, nikakaa kando ya dereva. Unaijua barabara ile: ubaridi wa Butembo unabaki nyuma, joto linaanza, na kila kizuizi cha askari nilikiona kama kimewekwa kwa ajili yangu. Nilifika Beni mchana. Waislamu hawamcheleweshi maiti wao. Daktari alikuwa ameshakuja, amenusa chumba kile, ametikisa kichwa. Mzee Ramazani alikuwa ameshasaliwa na kuzikwa. Nilikuta watu wanarudi kutoka makaburini, udongo ungali kwenye miguu yao. Sikumwona hata uso.

Mjane wake, Mama Zaina, alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake wenzake. Nilipiga magoti mbele yake. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Akanishika mkono akasema, "Patron, tangu Jumanne alikuwa na furaha. Alisema, Patron ameenda ku masomo, na masomo imemuingia. Kavira alimuambia umesikia maneno yake. Alikuwa anangojea neno lako."

Ndipo nikajua yote. Alhamisi Kavira alikuwa amemsihi mzee aende kulala kwake. Naye akamjibu, "Patron ameshasikia. Atasema neno. Nikitoka bila neno lake, nimeacha kazi." Mara tatu Kavira alinipigia kutafuta neno hilo moja. Kabla ya Jumanne ile, mzee pengine angeogopa dawa akatoroka kama alivyowahi kufanya. Baada ya Jumanne alibaki, kwa kuwa alikuwa na tumaini. Mimi ndiye niliyempa.

Kavira nilimkuta amesimama nje ya depo, mbali na mlango. Yeye akaanza.

"Patron, siku ile ulinicheka mbele ya batu, ilinikata. Nikanyamaza. Lakini hii ya sasa inapita ile. Sababu siku ile hukunisikia. Jumanne ulinisikia."

Nimekemewa na wazee wengi maishani, mwanangu, na baba yangu hakuwa mtu wa kubembeleza. Hakuna kemeo lililoniingia kama lile. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini hawakusema mjukuu huyo atahamia nyumbani kwako, ale nawe, alale nawe.

Sikufukuzwa. Wengine walisema mzee ameuawa na umri, wengine kwamba siku yake ilifika. Nilikataa. Siku ya dua nilisimama mbele ya familia yake, wafanyakazi wangu na mwenye kampuni, nikasema kwamba niliambiwa mara tatu na sikufanya kitu. Kibanda tulikijenga juma lile lile, kando ya mlango wa njia. Kilikuwa kizuri. Kila asubuhi nilipokipita niliinamisha macho.

Mwaka uliofuata kundi jingine likaitwa mafunzoni, na mimi nikaomba kurudi. Wenzangu walishangaa: mtu aliyekwisha kufundishwa anarudi kutafuta nini? Madame Kahindo alinitambua. Aliponiuliza nimekuja kuchukua nini, nilimsimulia. Alilia, kisha akaniambia neno ambalo nalibeba hadi leo: "Papa, mimi niliwafundisha kufungua sikio, na nilipiga makofi mapema. Kusikia si mwisho ya kazi. Ni mwanzo ya deni." Kuanzia kundi lile, kila anayerudi kutoka kupiga simu haulizwi tena ameandika nini. Anaulizwa, "Umefanya nini kabla ya kuingia hapa?" Na asiyefanya anarudishwa uani.

Nilirudi depo nikabadilika, si mara moja. Kila Jumatatu tulisimama pamoja, wapagazi wakisema kwanza, mimi mwisho. Neno likihusu uhai wa mtu, halilali. Na mpango wenye sahihi yangu, mtu yeyote aliyeona hatari aliruhusiwa kuusimamisha, hata akikosea. Nilipostaafu, Kavira ndiye aliyekaa kwenye kiti. Anaongoza vizuri kunishinda. Tukikutana hunisalimu kwa heshima na kuniuliza habari za magoti yangu. Lakini hajawahi tena kucheka mbele yangu, na sitamwomba.

Mwanangu, nasikia nawe umepewa kiti, na umeitwa mafunzoni, na unasema umeshaona mengi. Enda. Kazi yako unaijua, hawatakufundisha hiyo. Watakuonyesha watu waliokaa kimya karibu nawe, na utajua ni wewe uliyewanyamazisha. Itakuuma. Usikimbie maumivu hayo, na pia usiyapende sana, kwa maana mkubwa anaweza kujisifu kwa kujua kosa lake huku kosa linaendelea kuua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna ukuta ambao hakuna fundi wa kuujenga upya. Mtu wa chini akikupa neno, amekukabidhi kitu kizito. Mjibu siku ile ile, hata kama jibu ni hapana, apate kujua asimame wapi. Ukimwambia "nimesikia" kisha ukakaa, umemfunga kamba. Afadhali ungebaki kiziwi, angejiokoa mwenyewe.

Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu na wa watoto wetu, akupe watu watakaothubutu kukukatalia, na akupe moyo wa kutowafanya wajute. Akuondolee makofi yanayokuja kabla ya kazi. Na wote watakaolala usiku huu wakitegemea neno lako, mwanangu, waamke.