Sufuria Lililovuka Uzio

Mtaa wetu wa Karatu ulipenda shughuli kuliko mtaa wowote niliowahi kukaa. Mtoto akibatizwa, shughuli. Akipata kipaimara, shughuli. Ngano ikishaingia ndani, watu walitafuta sababu yoyote tu. Kadi hazikuwepo. Mwenye shughuli alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akasimama mlangoni kwako, akataja siku. Siku hiyo ulikwenda na kigoda chako, kikombe chako na mzigo wa kuni. Kesho yake, ukipita mbele ya nyumba ile, ulitazama kuni zilizobaki ukutani na kujua mwenye nyumba anapendwa kiasi gani.

Mimi nilikuwa mgeni. Nilitoka Singida kumfuata mume aliyepangiwa greda la barabara ya Ngorongoro. Kazi yake ilikuwa kusawazisha ile njia ya kupanda kreta, ambayo mvua moja tu inairudisha kuwa korongo. Alilala kambini huko juu kwenye ukungu, nikamwona mara moja kwa wiki mbili, pengine tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na cheti cha kidato cha nne ndani ya sanduku, na mtu niliyezungumza naye kutwa nzima alikuwa hajaota jino hata moja. Nilikuwa na hasira na barabara, na kreta, na watalii wanaopita na vumbi lao bila kushuka. Nilichotaka ni mtu wa kuniambia habari za asubuhi na kusubiri nijibu.

Jirani alikuwepo. Tulitenganishwa na uzio wa miti ya manyara, tena wenye pengo ambalo mbuzi walipita wapendavyo. Alikuwa Mwiraqw, mkubwa kwangu kama miaka kumi, mwanamke mrefu anayetembea kama amebeba maji kichwani hata asipobeba kitu. Siku ya kwanza nilikwenda mpaka penye pengo, mtoto mgongoni.

"Shikamoo dada. Mimi ndiye mpangaji mpya."

"Marahaba. Nimekuona." Akarudi nyuma hatua mbili. "Baki huko huko."

Nikadhani ana kazi jikoni. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Nikimbeba mtoto upande ule, yeye anageuza uso na kuingia ndani. Hakuteka maji bombani na sisi. Alishuka na ndoo yake mpaka kijito cha chini. Hakuonekana kwenye shughuli yoyote, wala sikuona mtu akiingia kwake. Mume wake alikwenda shambani Ganako na kurudi kwa njia ya nyuma, hasalimii mtu. Nikakata shauri: huyu mama anaringa, na mtaa mzima umemchoka.

Nilimuuliza balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja wa Kiiraqw aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka. "Balozi, huyu jirani yangu ana nini?"

Alitazama viatu vyake. "Mwache tu, mama. Ana mambo yake."

"Mambo gani?"

"Yataisha."

Basi. Mzee mzima, kiongozi wa nyumba kumi, hilo ndilo jibu alilonipa.

Mtoto alipofika miezi saba tukapanga ubatizo. Mume wangu alishusha mchele kutoka Mto wa Mbu kwa lori la rafiki yake, na mimi nilikuwa na kilo mbili za sukari nilizopata kwa kusimama foleni ya duka la ushirika tangu alfajiri. Nilizunguka mtaa mzima kualika, nyumba kwa nyumba, kama walivyofanya wao. Sikutaka mtu aseme yule wa Singida hajui watu. Nikafika na penye pengo.

"Dada, Jumapili mtoto wangu anabatizwa. Karibu."

"Sitakuja."

"Hata kuonja tu?"

"Sitakuja, mama. Na usije tena huku na huyo mtoto."

Nilihisi masikio yanachemka. "Basi kaa na roho yako hiyo," nikamwambia, "uipike uile na chumvi."

Aliingia ndani akafunga mlango. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, nalo ni chombo cha kupikia. Sufuria nilizoazimwa zilikuwa ndogo ndogo. Kubwa la maana lilikuwa moja tu mtaani, nalo lilikuwa la jirani yangu, limeegemezwa kwenye ukuta wa jiko lake kwa nje, vumbi limelijaa. Sasa, kwetu Singida chombo kikubwa kina mwenyewe, lakini siku ya shughuli ni cha wote. Huombi. Unaingia uani, unakibeba, unapaza sauti "Nimechukua!", na mwenyewe anaitikia "Haya!" kutoka alipo. Nilikua nikiona hivyo, wala sikujua kama kuna watu wanaofanya vinginevyo. Jumamosi asubuhi nikapita penye pengo, mtoto mgongoni, nikalinyanyua sufuria.

"Nimechukua!"

Alitoka mlangoni ameinua mikono yote miwili. "Weka! Weka chini!"

"Nitalirudisha linang'aa!"

"Siyo hivyo! Hapana! Weka!"

Alifika mpaka katikati ya uwanja wake, akasimama ghafla, kama amegonga kamba. Hakunifuata. Nami nilishavuka.

"Choyo itakuua, dada!" nilimwambia nikiwa upande wangu.

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Sitayapunguza.

Jumapili ilikuwa nzuri. Baada ya misa uwanja ulijaa vigoda. Tulipika pilau ya mbuzi na vitunguu vya Mang'ola, harufu ikafika mpaka barabarani. Padri alionja chai akaondoka, ana misa nyingine. Katekista akabaki, akakaa kwenye sinia la wazee. Walikuwepo Wairaqw wa mtaani, na walikuwepo wenzangu wa kuja, wale wa mashamba ya kahawa, watu wa Singida na Dodoma. Mama mmoja wa Kigogo, mcheshi asiye na breki, alilitazama sufuria akapiga makofi.

"Jamani! Hili mmelitoa wapi? Si la kuogeshea ng'ombe hili?"

Watu wakacheka. Na mimi, nilivyo, nikapaza sauti ili ivuke uzio. "Kwa huyo hapo jirani yangu! Mwenyewe amekataa kuja, lakini sufuria lake limekubali!"

Nilisubiri kicheko. Wagogo na Wanyiramba walicheka. Wairaqw hawakucheka. Mkono mmoja ulisimama katikati ya sinia na mdomo. Mama mmoja, ambaye ndiye aliyenisaidia kuchambua mchele, akaniuliza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa:

"Umelitoa ndani kwake?"

"Uani. Jana."

"Ukaingia mwenyewe?"

"Nikaingia."

"Na mtoto?"

"Mgongoni. Kwani vipi?"

Wakaanza kuinuka. Hakuna aliyetupa chakula, hakuna aliyesema neno baya. Walinawa mikono, wakaokota vigoda vyao, wakaondoka mmoja mmoja kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko matusi. Katekista alikuwa ameshafinyanga tonge. Alilirudisha kwenye sinia taratibu. "Tumbo langu, mama," alisema, "tangu asubuhi linanisumbua." Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekula maandazi manne kwangu.

Mama wa Kigogo alitazama huku na huku. "Wanaondoka nyama ikiwa chini? Haya, sogezeni masinia. Sisi kule shambani tumekula vya kutisha zaidi ya hivi."

Balozi ndiye aliyebaki kunieleza, amesimama, kikombe chake hajakigusa. Jirani yangu alifiwa na mtoto wa miaka miwili, wiki tatu kabla sijahamia. Homa, siku mbili tu. Kwa desturi yao, nyumba iliyofikwa na jambo kama hilo inakuwa kwenye metimani: wa nyumba hiyo hawaendi kwa watu, watu hawaingii kwao, hawachangii maji wala moto wala chombo, mpaka wazee waseme muda umetimia. Na wanaoogopewa zaidi kupatwa na baya hilo ni mama anayenyonyesha na mtoto mchanga.

"Nilidhani unajua," alisema. "Kila mtu anajua."

"Nani aliniambia?"

Alitazama viatu vyake tena.

"Nakuuliza, balozi. Wewe uliniambia?"

"Si jambo la kusemasema, mama."

"Basi huyo kila mtu ni nani, kama mimi niliye ukuta kwa ukuta simo?"

Mpaka leo simdai jibu, lakini hasira yangu kwa mtaa ule iko hapo hapo. Kuondoka kwao siwalaumu. Nawalaumu kwa miezi mitatu waliyoniona nikimdharau yule mama kila asubuhi, wakanyamaza.

Nilikwenda penye uzio. Alikuwa ameketi kizingitini kwake, rozari imening'inia mlangoni nyuma yake. Alikuwa amesikia yote.

"Dada, sikujua. Nisamehe."

"Ulikula cha sufuria lile?"

"Nilionja tangu asubuhi."

"Ukamnyonyesha?"

"Ndiyo."

Alifumba macho. "Mtazame. Akipata joto niambie. Usinifiche."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ningesemaje?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nisimame uani nipige kelele kwamba mwanangu amekufa, kwa mtu aliyebeba wake?"

Nimesoma baiolojia. Najua malaria inaletwa na mbu, na sufuria halina mdudu likishakaa kwenye moto wa saa tatu. Hata hivyo, wiki ile nilimshika mwanangu paji la uso mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Na kila asubuhi, kabla sijawasha moto, sauti ilitoka upande wa pili wa manyara: "Ameamkaje?" Mtu ambaye hakuwahi kuniuliza kitu, sasa aliuliza kila siku.

Mtaa nao ulituhesabu pamoja. Bombani walisubiri nimalize ndipo wasogee. Mama wa kuchambua mchele alinisalimia kwa mbali, kwa upole wote, kama mimi nilivyosalimiwa na jirani yangu siku ile ya kwanza. Sufuria likabaki kwangu, maana halikuweza kurudi wala kutumika. Hivyo tukawa nyumba mbili zilizoachwa, na mtu aliyeachwa anatafuta wa kuzungumza naye. Mimi niliweka kigoda upande wangu, yeye upande wake, hatua kama kumi katikati, tukazungumza kwa sauti kama watu wanaonunua kitu mnadani. Nilijua kwamba mwanawe alikuwa akimvuta paka mkia na kulia yeye badala ya paka. Nilijua kwamba anapenda michezo ya redio na anachukia uji wa unga ule wa njano wa msaada. Naye alijua ugomvi wangu wote na mume wangu, mpaka akajua nani ana makosa, na mara nyingi hakuwa mume.

Siku moja nikamwambia wazi: "Dada, desturi yenu ni ya kikatili. Mtu kafiwa, mnamwacha peke yake kama mwizi."

"Kwenu mnafanyaje?"

Nikamsimulia mdogo wangu alipokufa. Nyumba ilijaa watu siku saba, mpaka kitandani kwa mama walilala watu. Na mama alikuwa akizunguka katikati yao akiuliza kama chumvi imetosha.

Jirani yangu alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa," aliuliza, "alilia lini?"

Nilitafuta. Nilimtazama mama yangu kichwani mwangu, siku zile zote saba, na sahani zake. Sikuona.

"Mimi nimelia mpaka nimemaliza," alisema. "Halafu nikalia tena. Hakuna aliyeniambia nyamaza." Akang'oa jani. "Lakini mtu mmoja tu angepita hapo barabarani akakohoa, ningefurahi."

Sijaamua mpaka leo nani kati yao aliumia zaidi. Kuna siku nadhani ni mama yangu.

Mwanangu alikuwa ameshaanza kutembea wazee waliposema imetosha. Nyumba ya jirani ilifagiliwa, wakanyoa nywele, pombe ikapikwa. Asubuhi moja nilisikia hodi mlangoni kwangu. Alikuwa yeye, amesimama uani kwangu kwa miguu yake, kichwa kinang'aa.

"Jumapili," alisema. "Njoo na kigoda." Kisha akatazama chini. "Hakuwahi kupata joto?"

"Mafua tu, mara moja."

"Mafua tu," alirudia. Alinyoosha mikono, lakini mtoto, aliyezoea kumwona ng'ambo ya manyara, alijificha nyuma ya kanga yangu akapiga yowe. "Mwache," alisema haraka na kurudisha mikono. "Hilo sufuria nipe, nina wageni."

Tulilibeba wawili, kila mmoja na sikio lake, tukapita penye pengo.

Jumapili walikuja wote, na kuni zao na vigoda vyao, na walikula kutoka kwenye sufuria lile lile. Katekista alipakua mara mbili. "Tumbo limepona?" nilimuuliza. "Limepona kabisa, mama," alisema, hakuthubutu kunitazama.

Nilikuwa nageuza ndizi jikoni nilipoona mtoto hayupo miguuni pangu. Alikuwa amefika penye sufuria peke yake, analipiga kwa mwiko, mikono imejaa masizi. Jirani yangu alikuwa amechuchumaa kando yake, hamgusi, anasubiri. Mtoto alipochoka kupiga alimwegemea begani, kama anavyoegemea mtu yeyote akichoka. Wazungumzaji wakapunguza sauti. Jirani yangu akamwinua, akamweka kiunoni, akasimama naye hivyo kwa muda.

"Mzito," aliniambia. "Wangu alikuwa mwepesi."

Kisha akamfuta masizi kwa kanga yake mpya, akaendelea kupakua kwa mkono mmoja.